Fundi Umeme Apanda na Mpira

Siku timu yangu ilipopangwa kucheza na timu ya kwao bibi, nilicheka mpaka nikamwaga chai yake. Sikuona ubaya. Yeye katoka kisiwa kimoja huko kaskazini kabisa ya Ulaya, chenye mvua, samaki na kondoo. Timu yangu ni moja ya zile kubwa za London, ambazo benchi la akiba peke yake lingeweza kukinunua kisiwa kile, kondoo wake wote, na chenji ikabaki.

"Unacheka nini?" akaniuliza.

"Nawaonea huruma, bibi."

"Huruma zako kaa nazo. Futa meza."

Nikafuta meza. Kazi yangu ndiyo hiyo. Nyumbani sisi tuliokuja Ulaya kutafuta wanatuita wabeba boksi, ingawa boksi lenyewe nililiacha zamani. Natunza wazee hapa Edmonton, kaskazini ya London, nyumba kwa nyumba, na kwa bibi huyu nilikuwa nakwenda asubuhi na jioni kwa mwaka wa tatu. Si bibi yangu wa damu. Nilimwita hivyo siku ya kwanza, akataka kujua maana yake, akaipenda. Yeye aliniita kijana, na mimi nina miaka arobaini na sita. Aliolewa na mtu wa London, akamzika, akabaki na nyumba, kiti cha magurudumu na macho yaliyokufa katikati. Akikutazama usoni anaona vitu vya pembeni yako tu, wewe mwenyewe huonekani.

Timu yangu naipenda tangu darasa la tano, Morogoro. Bibi alitaka kujua kwa nini. Si kwa ubishi, alikuwa mtu wa kudadisi tu, na mtu wa kudadisi ambaye hana pa kwenda ni balaa.

"Mtoto wa watu wa kawaida, Afrika, kwa nini ulichagua matajiri?"

"Wanacheza vizuri."

"Kwa nini wanacheza vizuri?"

"Wananunua wachezaji wazuri."

"Wanapata wapi uwezo wa kuwanunua?"

"Si wanashinda, bibi! Wakishinda wanapata, wakipata wananunua, wakinunua wanashinda."

"Aha," akasema, akanywa chai yake.

Nilikasirika, nikaosha vyombo kwa kelele. Lakini swali likaniganda. Kule nyumbani, timu zetu zikienda kucheza na matajiri wa Afrika, tunapiga mayowe kwamba tunaonewa: refa wao, uwanja wao, hela zao. Nikija kwenye mpira wa Ulaya, huyo, nahamia kwa anayeonea, tena kwa mbwembwe. Mwenye nacho huongezewa, na mimi nilikuwa mmoja wa wanaomwongezea tangu nikiwa na kaptula. Jamani, sikuwahi kuliona hilo.

Basi zamu yangu ya kuuliza ikafika. Nikawa natafuta habari za wale watu kwenye simu nikiwa kwenye basi, na nisichokijua namuuliza bibi. Kipa wao ni mwalimu wa useremala. Beki wa kulia anafanya kazi kiwanda cha samaki. Winga wa kushoto ni fundi umeme, tena siku ile ya droo alikuwa juu ya nguzo. Wakitaka kusafiri wanaomba ruhusa kazini, kama mimi ninavyoomba nikiwa na msiba.

"Wakifungwa sita, Jumatatu wanaenda kazini?"

"Jumatatu?" bibi akacheka. "Kesho yake asubuhi."

Mechi ya kwanza ilichezwa kwao, tukawapiga nne bila. Nilishangilia peke yangu ndani ya basi mpaka mama mmoja akahama kiti. Kesho yake nikamkuta bibi kanuna, uji hataki. Nikadhani yameisha. Kumbe katibu wa klabu yao alimpigia simu. Mama yake huyo katibu alicheza na bibi utotoni. Klabu ilikuwa imemwekea tiketi mbili za marudiano hapa London, ya kwake na ya mtu wa kumsukuma.

Weee! Niseme ukweli. Nimekaa London miaka kumi na moja, uwanja wa timu yangu naufikia kwa basi moja, na sikuwahi kuingia ndani. Mara kadi ya uanachama, mara bahati nasibu ya tiketi, na bei zenyewe usiombe. Niliwahi kuuzunguka tu nje nikipiga picha ukuta. Mke wangu aliposikia habari alicheka mpaka akakaa chini.

"Miaka yote unaililia, baba, kumbe utaingia kwa mlango wa wageni! Na skafu ya watu shingoni!"

Ndivyo ilivyokuwa. Na bibi alikuwa na masharti.

"Utanitangazia," akasema. "Redio ya kwenye simu inachelewa, watu wanashangilia kabla hujaambiwa kitu. Nataka macho yako."

"Hilo dogo, bibi."

"Sikiliza kwanza. Ushindi siutaki, sina wazimu. Nataka bao moja. Sijawahi kuwa uwanjani timu yetu ikamfunga mkubwa bao la kweli." Akaniambia kwamba alipokuwa msichana, timu moja kubwa ilikwenda kisiwani kwao kucheza ya kirafiki, na mwishoni wakaachia bao kwa makusudi, huku wakicheka, kipa wao kajilaza. Aliyefunga ni kaka yake. Mji mzima ulishangilia isipokuwa huyo kaka, na mpaka anakufa hakutaka lizungumzwe mezani. "La namna hiyo silitaki. Ukiona wametuachia, uniambie. Usinidanganye kwa sababu sioni."

Nikaahidi haraka haraka, kama mtu anayekubali masharti ya simu bila kuyasoma.

Ilikuwa Agosti, jioni ya jua. Msimamizi wa geti la wageni alinitazama usoni, akatazama skafu yangu, akatazama tena usoni. "Ukishangilia wenyeji upande huu, utatolewa," akasema. Nikamwambia sawa, mkubwa. Nikamsukuma bibi hadi jukwaa la viti vya magurudumu, na uwanja ukafunguka mbele yangu. Lahaula! Nyasi zile! Mtu mzima nikafuta machozi kwa skafu ya watu wengine. Wageni walikuwa wachache, wamejazwa pembeni, na wote walionekana kujuana. Mmoja alimjulia bibi hali kwa lugha yao kama wamekutana sokoni.

Mpira ukaanza, nami nikaanza. Mimi ni mtoto wa redio. Kabla jirani yetu Morogoro hajanunua televisheni, mpira niliuona kwa masikio, na watangazaji wetu hawakuwa watu wa mchezo: shuti likigonga mwamba wa juu, wao wanasema limegonga mtambaa panya, na wewe kitandani unamwona panya kabisa. Nikamwaga maneno, Kiingereza changu kikikwama natia Kiswahili, bibi kainamisha kichwa anasikiliza. Dakika ya nane timu yangu ikafunga. Mikono niliizuia, lakini mdomo ukatangaza bao lile kwa utamu mpaka bibi akanifinya.

"Unatangaza kama mtu wao!"

"Ni timu yangu, bibi."

"Ya kwako wote unawataja majina, mpaka wa benchi. Ya kwetu unasema yule mrefu, yule mwenye upara. Huo ni utangazaji gani?"

Uso ulinishuka, maana ni kweli. Nilijua hata mbwa wa mshambuliaji wetu anaitwaje, na hawa niliowasoma wiki tatu sikuweza kumtaja hata mmoja. Majina yao yalinipasua ulimi. Bibi akasema kama majina yananishinda, niwataje kwa kazi zao. Tukaenda hivyo. Mtu wa samaki anaondoa hatari. Mwalimu wa useremala anadaka. Fundi umeme anapanda na mpira, anapanda, anapanda, loh, kanyang'anywa. Mzee mmoja aliyekaa karibu alianza kucheka, kisha akasogea asikilize.

Na ajabu, nilipoanza kuwataja nikaanza kuwaona. Niliona mtu wa samaki anavyopumua mdomo wazi. Nikaona fundi umeme akipokwa mpira haendi kulalamika kwa refa, anageuka na kurudi mbio kukaba, kila mara, wakati winga wetu wa mamilioni akipoteza anashika kiuno. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwalimu alizuia mashuti ambayo kwenye televisheni ningesema hayazuiliki. Hata hivyo mapumziko tuliongoza mbili bila, kipindi cha pili tukaongeza la tatu. Nilipolitangaza hilo la tatu sauti yangu haikuwa na sukari tena, na sikuelewa imekwenda wapi.

Dakika zikayoyoma. Nyota wetu wakatolewa kupumzishwa, wakaingia wengine wa bei ileile. Bibi alikuwa kashika mkono wangu, anauliza dakika ngapi, dakika ngapi, mpaka nikachoka kumjibu. Nilikuwa naomba kimoyomoyo. Naombea bao dhidi ya timu yangu, mimi!

Dakika ya themanini na nne mwalimu akabutua mpira mrefu. Ulikuwa mpira wa beki wetu, hatua tano tu. Yeye akasimama. Akaweka mkono kiunoni, akautazama unavyodunda, sijui alidhani unatoka, sijui alichoka, sijui aliwaonea huruma. Mpaka leo sijui. Fundi umeme akatokea nyuma yake, akaupitia, akaingia ndani ya kumi na nane, akapiga chini ya kwapa la kipa. Wavuni.

Pembe yetu ililipuka. Watu walikumbatiana, yule mzee alinibusu shavuni. Bibi hakushangilia. Aligeuza uso pembeni, akanitafuta kwa ukingo wa jicho ambao bado unaona.

"Ni la kweli?" akauliza. "Niambie."

Mungu wangu. Kusema ndiyo ilikuwa rahisi kuliko kumeza mate. Nani angemwambia? Lakini mkono wake ulikuwa juu ya wangu.

"Bibi," nikasema, "beki wao alisimama. Angeufikia. Hakukimbia."

Nikaona kidevu chake kinashuka, nikatamani ardhi inimeze na ukweli wangu.

"Na wetu?" akauliza.

"Wetu nini?"

"Wetu alisimama?"

"Hapana, bibi. Fundi umeme alitoka nusu ya kwetu mbio. Hajasimama tangu mpira uanze."

"Basi asiyetaka kukimbia shauri yake," bibi akasema, akaniachia mkono. "Tangaza bao."

Nikavuta pumzi, nikalitangaza kwa Kiswahili, lote, kutoka mikononi mwa mwalimu hadi wavuni, kwa sauti iliyomgeuza msimamizi kule getini. Bibi akapiga makofi, na wala sikukumbuka kwamba tuliofungwa ni sisi.