Yai la Moto Mfukoni na Maji Niliyoyaacha Yapite

Jamani, ngoja niseme haraka kabla aibu haijanishika nikafuta kila kitu. Bibi alinawa mikono. Ambaye hakunawa ni mimi!

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, nasoma Iringa, na nina haya kupita kiasi. Mwalimu akiniuliza swali najibu kwa kunong'ona, mpaka darasa zima linageuka kutafuta nani kaongea. Kuongea siwezi, kuandika naweza. Ndiyo maana nawaandikia nyie, hamnioni uso.

Likizo ya Juni nilipelekwa Mbeya kwa dada yangu. Anaishi Mwanjelwa, mume wake anauza viatu vya mtumba palepale sokoni. Nilienda ili nimsaidie dada akishajifungua, lakini mtoto hakusubiri mtu. Alikuja kabla ya wakati, mdogo kama kopo la maziwa ya unga, kichwa kama chungwa. Njiti. Wodini wakampa jina la Bosi, kwa sababu watu wazima wote walikuwa wanatembea kwa kunyata akilala.

Kama hujui, njiti anabebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu. Unafungiwa kitenge juu yake, anakaa hapo anapata joto lako. Sasa dada alikuwa kafanyiwa upasuaji, kidonda kinamuuma, anachoka. Sista wa wodi akauliza, "Nani wa kumpokea mama?"

Shemeji akajikuna kichwa. Mimi nikanyoosha kidole. Mimi! Hata sijui kile kidole kilitoka wapi.

Siku ya kwanza nilivua sweta nyuma ya pazia huku natetemeka kwa aibu zaidi kuliko kwa baridi. Lakini Bosi alipowekwa kifuani aliweka shavu lake hapa, kwenye mfupa, akaanza kukoroma kidogo kama paka. Sista akanishika viganja akasema mama wote wasikie, "Oneni mikono ya huyu binti ilivyo ya moto! Bosi kapata hita yake."

Nyie! Mimi sijawahi kusifiwa mbele za watu. Nilifurahi mpaka masikio yakawasha. Na hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia.

Mlangoni mwa ile wodi kuna sinki, sabuni, na picha ukutani ya namna ya kunawa. Sheria ilikuwa moja: humgusi mtoto hujanawa, hata kama umetoka kidogo tu kupokea chakula. Sawa. Lakini umewahi kushika maji ya bomba ya Mbeya mwezi wa sita asubuhi? Vidole vinakufa. Unaviangalia kuhakikisha bado vipo.

Na Sista kila siku alikuwa anatuambia, adui wa njiti ni baridi. Basi mimi na akili yangu ya kidato cha tatu nikatengeneza sayansi yangu: nikinawa nitakuwa na mikono ya baridi, mikono ya baridi itamuumiza Bosi, kwa hiyo nisiponawa ndiyo nampenda zaidi. Na nitaendelea kuitwa hita.

Nikawa nafungua bomba, naacha maji yapite yenyewe yapige kelele ili Sista asikie kutoka mezani kwake. Nalowesha ncha za vidole. Nafunga. Kazi imeisha!

Subiri, bado. Pale getini kuna mama anauza mayai ya kuchemsha. Nikawa nanunua moja la moto, naliweka kwenye mfuko wa sweta, nalikumbatia kwa viganja vyote viwili. Likianza kupoa nalimenya, naweka chumvi, nakula, halafu naingia kumbeba mtoto. Mikono ya moto! Nilijiona mjanja kuliko madaktari wote wa Nyanda za Juu.

Sasa aje Bibi.

Bibi ni mama yake Shemeji, anatoka Chimala, mkulima wa mpunga. Alishuka kwenye basi na mchele kwenye ndoo, kitenge kina vumbi mpaka kiunoni, sauti utadhani kameza spika. Alipofika sinki mimi nilikuwa nyuma yake, nasubiri zamu yangu ya kudanganya.

"Mayoo!" akapiga kelele maji yalipomgusa. "Haya maji mmeyatoa wapi, kwenye friji la mochwari?"

Mama wote wakacheka. Lakini alinawa. Alipandisha mikono ya blauzi mpaka kwenye viwiko, akasugua katikati ya vidole, akasugua kucha, akafuatisha ile picha ukutani huku anasoma kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Mimi nilimwona mwanzo mpaka mwisho. Halafu akaingia, akamgusa Bosi shavu mara moja tu kwa mgongo wa kidole, akalia, akasema, "Kafanana na babu yake, sikio hilo."

Muda mfupi baada ya hapo Bosi akagoma kunyonya. Akawa mlegevu kama kitambaa kilicholoweshwa. Nilikuwa nimembeba mimi. Lile koromo la paka sikulisikia. Nikasema "Sista" kwa sauti yangu ya upepo, hakuna aliyesikia, ikabidi nisimame na mtoto kifuani nimfuate mezani. Daktari akaja, akasema ni maambukizi. Wakamtoa kwangu, wakamchoma sindano kwenye ule mkono wake mwembamba kama kalamu, wakamtundikia dripu. Dada alikuwa amekaa kitandani anashika kitenge kitupu.

Sista akauliza nani na nani wamemgusa mtoto. Macho yote yakaenda kwenye kitenge cha vumbi.

"Mama," dada akasema, na dada yangu si mtu wa kumjibu mkwewe, "umetoka shambani na vumbi lote hilo, kweli ukamshika mwanangu hivyohivyo?"

"Nilinawa, mwanangu. Wallahi nilinawa." Bibi akageuka, akanitazama mimi. "Huyu mtoto alikuwa nyuma yangu. Si uliniona, mama? Waambie."

Nyie wasomaji, hapo ndipo nilipokosea kuliko mahali pote. Nikisema nimemwona amenawa, watauliza, basi ni nani? Nikaangalia viatu vyangu.

"Sikuangalia vizuri," nikasema.

Safari hii kila mtu alinisikia.

Bibi hakubisha. Akaweka ndoo ya mchele chini ya kitanda, akajifunga kitenge chake, akaondoka. Sista alikuwa kamwambia asiingie tena mpaka mtoto apone. Shemeji alimsindikiza stendi.

Tukala ule mchele. Ulikuwa unanukia vizuri, lakini mimi nilikula vijiko viwili nikaenda kuosha vyombo.

Dawa zikaanza kumkubali Bosi, taratibu. Siku aliponyonya tena dada alicheka na kulia kwa pamoja, akashika kidonda chake, "Aii, msinichekeshe!" na hakuna aliyekuwa anamchekesha. Mimi nikasema moyoni, basi, yamepita, Mungu kanificha.

Thubutu!

Waliingia mama wapya wodini na ndugu zao. Sista, katika watu wote, akaniita mimi. "Njoo hita yetu, waonyeshe wenzio tunanawaje. Huyu binti sijawahi kumsikia akisahau bomba."

Nikasimama sinki. Watu wamenizunguka kama mnada. Nikafungua maji. Nikalowesha ncha za vidole. Halafu nikaganda, kwa sababu jamani, nilikuwa sijui kinachofuata! Kila siku napita mbele ya ile picha na sikuwahi kuitazama.

"Mbona anaogesha kucha tu?" mama mmoja mnene akasema kutoka nyuma. "Dada, hivyo vidole ndio vinavyombeba mtoto?"

Wakacheka. Mimi nikalia. Kilio cha kamasi, mbele ya watu wote wale. Nikayamwaga yote hapohapo, bomba, yai, chumvi, Bibi. Nadhani niliongea maneno mengi kuliko mwaka mzima shuleni. Na yai la siku hiyo likaanguka kutoka mfukoni, likabiringika mpaka miguuni kwa Sista.

Aliliokota, akalitupa kwenye pipa. Akafunga bomba kwanza, ndiyo akaongea.

"Mdudu aliyempata Bosi hakuacha jina, siwezi kuapa katoka mkononi kwako. Ila wewe ulimfungulia mlango kila siku. Na kwa nini hukusema maji yanakuuma? Unanawa kwa sabuni, unakausha, unasugua viganja hivi, hivi. Shika." Akaniwekea mkono wake shavuni. Ulikuwa wa moto. Na mimi nilikuwa nimemwona akinawa muda si mrefu.

Ni hilo tu! Jibu lilikuwa pale siku zote, na mimi nilikuwa naona haya kuuliza.

Dada hakunipigia kelele. Alisema, "Ungeniambia tu. Ningembeba mwenyewe na maumivu yangu." Afadhali angenipiga. Sikumbeba Bosi tena pale hospitali. Nikawa naosha vyombo na kufua, nachungulia mlangoni kama mgeni. Kifua changu kilikuwa kinamkumbuka, sijui kama mnanielewa.

Shemeji akasema twende Chimala ukaseme mwenyewe. Tulimkuta Bibi anapepeta mchele uani. Nikapiga magoti. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Yai liko wapi?" Kumbe Shemeji alishampigia simu, msaliti!

Nikaomba msamaha. Bibi akaendelea kupepeta mpaka nikadhani hakunisikia.

"Kunawa vibaya ni utoto," akasema hatimaye. "Lakini uliniangalia, halafu ukaangalia chini. Hiyo ndiyo iliyonikalia kooni, mama." Akaweka ungo chini. "Haya, kanawe tule."

Nikanawa. Akasema, "Tena." Nikanawa tena. Akasema, "Kidole gumba umekisamehe?" Nikarudia.

Bosi aliporuhusiwa kutoka, Bibi alikuja Mwanjelwa. Nyumba ilikuwa imejaa majirani. Nikamtengea maji ya uvuguvugu kwenye beseni, sabuni, na taulo safi. Akapandisha mikono ya blauzi, akasugua polepole makusudi, akanitazama.

"Wewe. Unaniona?"

"Nakuona, Bibi," nikanong'ona.

"Sijasikia. Na hawa hawajasikia."

Nikavuta pumzi. "BIBI AMENAWA!" Mpaka Bosi akashtuka. "NA SIKU ILE ALINAWA! NILIMWONA!"

Bibi akakausha mikono, akampokea mjukuu wake.

Kwa hiyo wenzangu mnaoenda kuuguza ndugu zenu, hasa huku kwetu kwenye baridi: maji ya bomba yakiwauma, lalamikeni kwa sauti, lakini naweni, kausheni, ndiyo muwaguse wagonjwa. Msimdanganye nesi kwa kelele ya maji. Na kama ulimwona mtu amenawa, usiangalie viatu vyako. Sema umemwona.