Koplo, Mbwa Wake na Hati ya Jeshi

Ukiulizwa, jibu, usipoulizwa, nyamaza. Kanuni hiyo Koplo aliipokea siku ya kwanza ya mafunzo ya jeshi, akaishika kama wengine wanavyoshika sala. Wenzake waliiacha getini siku walipovua gwanda. Yeye alirudi nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo, na aliyeumwa kichwa kwa ajili yake alikuwa mkewe.

Mkewe alikuwa msusi. Kibaraza cha nyumba ndicho kilikuwa saluni: viti viwili vya plastiki, kioo chenye ufa pembeni, na misumari ukutani ya kutundikia rasta. Kutwa nzima alisikiliza wanawake wakisema hata yasiyosemeka, kisha jioni akaingia ndani kwa mume ambaye ukimuuliza "umekula?" atakujibu "ndiyo", basi. Kala nini, kala wapi, hayo uyaulize moja moja.

"Simba mwenda kimya ndiye mla nyama," mteja mmoja alimfariji, nusu ya kichwa ikiwa bado haijasukwa.

"Nyama gani, shoga? Huyu wangu tangu avue gwanda hajaonja hata mfupa."

Alikuwa na haki ya kulalamika. Tangu Koplo aachishwe jeshi, kila kazi aliyoiomba ilifia njiani. Ulinzi wa benki, hapana. Udereva wa gari la shule, hapana. Watu walimchangamkia mpaka wasome hati yake ya kuachishwa, hapo nyuso zikabadilika na ahadi ya kumpigia simu ikatolewa. Mwishowe aliangukia kuosha vizimba kwenye kliniki ya mifugo, ambako hakuna aliyedai hati ya aina yoyote. Hati yenyewe ilikaa ndani ya sanduku la bati, chini ya blanketi. Mkewe hakuwahi kuigusa. Aliamini ya jeshi ni ya jeshi.

Aliigusa mwaka ambao uwanja wa ndege ulitangaza kutafuta watu wa kuongoza mbwa wanaonusa mizigo. Koplo alikwenda kwenye majaribio akarudi na uso ambao mkewe alikuwa ameshausahau. Msimamizi alimpa mbwa jike mkorofi aliyekwisha kuwang'ata waombaji wawili. Koplo hakumwita wala hakumvuta. Alichuchumaa, akampa mgongo, akangoja. Jike lilizunguka, likanung'unika, kisha likaja lenyewe likaweka kidevu begani kwake. Msimamizi akasema mtu amepatikana. Ndipo ofisa wa ajira alipoifungua hati.

"Mimi siwezi kumkabidhi mbwa wa kazi mtu mwenye maneno haya," alisema. "Kayarekebishe. Nafasi nitakushikia mpaka mafunzo yaanze."

Jioni hiyo msusi aliifukua hati kutoka sandukuni, akaisoma akiwa amesimama. Sababu ya kuachishwa: ugonjwa wa akili, husikia sauti, na huamini kuwa anapokea amri kutoka kwa marehemu.

"Baba Watoto," alisema polepole, "marehemu gani?"

"Sajini."

"Sajini yupi?"

"Mbwa wangu."

Msusi akaketi kitandani. Habari nzima ilibidi aitoe swali kwa swali, kama mtu anayechomoa miiba ya samaki kooni mwa mtoto.

Katika banda la mbwa la kikosi chao, kila mbwa alikuwa na cheo, na cheo chake kilizidi kwa ngazi moja cha askari aliyemwongoza. Haikuandikwa kwenye sheria yoyote. Ilikuwa desturi ya banda, na ilikuwa na akili ndani yake. Askari mwenye hasira akimpiga mbwa teke, amempiga mkubwa wake, na ataadhibiwa hivyo. Kila asubuhi mwongozaji alipiga saluti ndipo akafungua kizimba. Koplo alipewa dume jeusi lenye sikio moja lililolegea, na kwa kuwa yeye alikuwa koplo, mbwa alikuwa sajini. Wakatembea pamoja kwenye barabara zilizotegwa mabomu, mbwa mbele, mtu nyuma. Sajini akiketi, Koplo alisimama, na msafara mzima nyuma yao ukasimama. Hakuketi bure hata mara moja. Kisha akazeeka, figo zikamwishia, akafia mapajani mwa Koplo.

Koplo akaacha kula. Mpishi akatoa taarifa, na Koplo akapelekwa kwa daktari wa zamu, mgeni aliyekuja kushika nafasi ya mwenzake na ambaye hakuwahi kufika kwenye banda la mbwa. Nje foleni ilifika uani.

"Akakuuliza nini?" msusi alitaka kujua.

"Kama kuna mtu ninayemuwaza. Nikasema Sajini. Akauliza yuko wapi. Nikasema amekufa. Akauliza kama alikuwa ananiambia mambo. Nikasema ndiyo, ananiambia bomu liko wapi. Akauliza kama nilikuwa namtii. Nikasema siku zote, ndiyo maana niko hai. Akauliza kama bado namsikia. Nikasema kuna usiku namsikia."

"Unamsikia akisema nini?"

"Hasemi. Nasikia kucha zake kwenye sakafu."

"Hilo la kucha ulimwambia?"

"Hakuuliza nasikia nini."

"Na hukumwambia kuwa Sajini ni mbwa."

"Hakuuliza."

"Kwa hiyo msomi wa watu alitakiwa akuulize, samahani bwana, huyo sajini wako ana miguu mingapi?"

Koplo alilifikiria jambo hilo kwa uzito wake wote. "Angeuliza, ningemjibu."

Utiifu ni jambo jema, na nchi haijengwi bila watu wanaotii. Lakini kunyamaza huku uongo ukiandikwa juu yako si utiifu. Ni kumshikia mwandishi wino. Na daktari anayemwandika mtu kichaa kwa sababu foleni ni ndefu na chai inapoa, naye ana lake la kujibu. Makosa yalikuwa ya wawili. Aliyeachwa ayabebe ni mmoja.

Msusi alifunga kibaraza, akajifunga kilemba, akamtanguliza mumewe hadi ofisi ya kumbukumbu za jeshi. Kulikuwa na dirisha lenye tundu dogo la kupitishia karatasi, lililokatwa usawa wa kifua, hivyo kila mwenye shida alilazimika kuinama ili aonekane. Nyuma yake alikaa karani mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio ulioudhi zaidi.

"Mwenye hati yuko wapi?"

"Huyu hapa."

"Mbona unasema wewe?"

"Kwa sababu yeye anangoja umuulize, mwanangu. Ukimwachia yeye, tutazeeka hapa."

Karani aliandika, akaingia ndani, akakaa mpaka watu wa nyuma wakaanza kuguna. Aliporudi alikuwa na jibu. "Tatizo, mama, huyo sajini hayupo. Nimepitia masajini wote wa kikosi."

"Nimekwambia ni mbwa."

"Sasa mbwa hawako kwangu. Mbwa ni mali ya jeshi. Nenda kwa bwana stoo."

Bwana stoo alikuwa upande wa pili wa uwanja, kwenye jengo linalonuka mafuta ya taa na turubai. Yeye alimpata Sajini haraka, kati ya mablanketi na masufuria: mbwa, mweusi, mmoja, amefutwa.

"Na cheo chake?" msusi aliuliza.

"Cheo?" Bwana stoo alimtazama Koplo, kisha msusi, kama anayepima nani kati yao ndiye mgonjwa. "Dada yangu, hapa juu ya mbwa kuna sufuria. Nalo tulipe cheo?"

Wakarudi dirishani. Karani akalipanga jambo kwa upole ule ule. Kwenye orodha ya askari hakuna sajini wa namna hiyo. Kwenye orodha ya mali kuna mbwa, lakini si sajini. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu, sajini huyo hakuwahi kuwapo, na mtu anayemsikia mtu ambaye hakuwahi kuwapo, basi. Hakumalizia. Alikuwa na adabu.

"Yaani daktari yuko sahihi," msusi alisema.

"Mimi sijasema hivyo, mama. Karatasi ndizo zinasema."

Njiani kurudi msusi hakumsemesha mumewe, na mumewe, kwa kuwa hakusemeshwa, hakusema. Walitembea hivyo mpaka nyumbani, msusi akichemka kama sufuria lenye kifuniko kizito.

Alichemka, lakini hakukaa. Kupitia wateja wake, na wateja wa wateja wake, alimpata aliyekuwa mkuu wa banda la mbwa, mstaafu anayefuga kuku. Mzee alipoelezwa aliuliza, "Shemeji, mumeo alinyamaza tu?"

"Alinyamaza tu."

"Ni kosa langu. Kunyamaza nilimfundisha mimi. Nilisahau kumfundisha kuacha."

Walikwenda wote watatu mbele ya bodi inayosikiliza malalamiko ya hati. Mzee alivaa koti lililokuwa likinuka kuku kidogo, akasimama wima.

"Cheo cha mbwa huyo nilikitoa mimi," alisema.

"Kwa sheria ipi?" mwenyekiti aliuliza.

"Ya kutotaka mbwa wangu wapigwe mateke."

Wajumbe wawili walicheka. Koplo hakucheka. Mwenyekiti akamgeukia. Je, ni mgonjwa? Hapana, afande. Aliwahi kuwa? Hapana, afande. Kwa nini basi hakumweleza daktari?

"Hakuniuliza, afande."

Mwenyekiti alivua miwani akajikanda macho kwa muda mrefu. Kisha akaamuru maneno yote yanayohusu akili yaondolewe, na hati iandikwe upya.

Msusi alirudi kibarazani akisuka kwa wimbo. Mafunzo ya uwanja wa ndege yalikuwa hayajaanza. Hati ilipofika alifuta mafuta mikononi, akaifungua mbele ya mteja, akasoma: aliwahi kuugua ugonjwa wa akili, amepona.

Alikwenda nayo dirishani siku hiyo hiyo. Karani alisikitika kwa dhati. "Fomu yetu ya kurekebisha hati za wagonjwa wa akili ina sehemu moja tu ya kujaza, mama. Amepona. Haina sehemu ya hakuugua. Hiyo inabidi ianze upya kwa barua ya bodi, halafu ipite makao makuu. Lakini hii inatosha. Waajiri wengi wanaipokea."

Na kweli ofisa wa ajira, alipopigiwa simu, alisema aliyepona anapokelewa. Msusi alirudi nyumbani mbio, akamwekea mumewe hati mezani na shati jeupe juu ya kiti.

"Kesho asubuhi uwanja wa ndege. Wanataka kujua leo ukoje. Ya jana hawana haja nayo."

Koplo aliisoma. Aliikunja vilevile ilivyokuwa imekunjwa. "Si kweli," alisema.

"Ni maneno machache tu, Baba Watoto. Meza."

Hapo Koplo, bila kuulizwa na mtu yeyote, akafungua kinywa. "Nikikubali nimepona, nimekubali nilikuwa naumwa. Nikikubali nilikuwa naumwa, basi Sajini alikuwa sauti kichwani mwangu. Hakuwa sauti. Alikuwa mbwa. Nyuma yetu kulikuwa na malori ya watu, na watu hao wako majumbani mwao na watoto wao. Hawakuokolewa na kichaa changu. Hati hii nikiipeleka kwa mkono wangu, uongo wa daktari unakuwa wangu."

Msusi alikaa kitako. "Miaka yote hii," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza umesema bila kusukumwa. Na siku uliyoichagua ni leo."

"Ndiyo."

"Ungempa daktari nusu ya maneno hayo."

"Ningempa. Nilikosea."

Alitaka kumkasirikia zaidi, na sababu alikuwa nazo. Lakini alikuwa amemdai mumewe aseme yaliyo moyoni tangu walipooana, na mtu hawezi kudai kitu maisha yake yote, kisha siku kinapoletwa mlangoni akakirudisha kwa kuwa kimeleta hasara. Kesho yake alitundika shati jeupe mahali pake, akaenda naye dirishani, wakairudisha hati.

Makao makuu hayakuwa na haraka. Mvua zikaja zikapita. Hati iliyofika safari hii haikuwa na neno akili popote; ilisema Koplo aliachishwa kwa makosa ya uchunguzi na kwamba hakuwa mgonjwa. Mafunzo ya uwanja wa ndege yalikuwa yamekwisha kuanza, na yule mbwa jike mkorofi alikuwa amepewa mtu mwingine. Ofisa wa ajira alieleza kwa heshima kuwa kwa mafunzo yajayo Koplo atakuwa amevuka umri wa kuajiriwa. Bado anaosha vizimba kwenye kliniki. Jina lake ni safi, na kulisafisha kumemgharimu kazi pekee aliyokuwa akiijua; hataifanya tena.