Siku Stelingi Aliponyimwa Sauti

Tuliosimama kwenye kaburi la mfasiri wa filamu alasiri ya leo, hapa mjini kwetu Koboko, ni imamu, shemeji zake waliotoka Arua, jirani yake mfanyabiashara Mkongo, wapenzi wachache wa filamu, mdogo wangu na mimi. Walikuwepo pia vijana wawili wa pikipiki ambao hawakuinua mikono wakati wa dua. Walikuwa wakimtazama mdogo wangu. Hivyo ndivyo tulivyomzika mfasiri, aliyeshindwa na maradhi ya kifua, na tangu pale hofu haijanitoka.

Wasomaji wa mbali huenda hawaijui kazi yake. Katika kibanda chake cha video aliketi karibu na spika, kipaza sauti mkononi, akiigeuza tamthilia ya Kiingereza kuwa Kiswahili chetu cha huku, papo hapo. Aliongeza utani, aliwatukana majambazi, na mapema kabisa alitutajia stelingi, yaani mhusika mkuu, ni nani. Tangu utotoni tulijua stelingi ndiye mtu mwema, na stelingi hafi. Zikaja tamthilia za siku hizi, ambamo stelingi mwenyewe ndiye muuaji, nasi tukaendelea kumshangilia kwa mazoea yaleyale. Mwaka huu alituonyesha moja inayomhusu kaka mkubwa aliyefiwa na wazazi, akauza dawa za kulevya ili awalishe wadogo zake. Mimi pia ni kaka wa namna hiyo. Niliacha shule mapema niwalee wangu. Kila stelingi huyo alipoua alisema kazi yake ni kuwalinda wadogo zake, yaliyobaki si yake, nami nilimtafutia sababu, na nikaisema kwa sauti. Mdogo wangu aliketi ubavuni mwangu, akinisikiliza.

Jumapili moja mchana stelingi alimkuta mzee mwenye duka aliyeshuhudia mauaji yake. Mzee akapiga magoti, kimya. Kibanda kizima kikalipuka: “Maliza yeye!” Mdogo wangu alipaza sauti kuliko wote. Midomo ya stelingi ikaanza kucheza, lakini mfasiri hakutoa neno lake hata moja. Badala yake akampa sauti yule mzee ambaye hakuwa amesema lolote: “Wewe iko na wadogo yako, mimi pia iko na watu yangu. Nani ataambia wao mimi iko wapi?”

“We mufasiri, leo stelingi iko na malaria?” mtu alidakia, watu wakacheka.

“Stelingi nasema kila siku,” alijibu mfasiri. “Leo iko zamu ya huyu.”

Hapo kicheko kikakatika. Wengi walitoka wakisonya, wakahamia kibanda cha ng’ambo ya barabara, na hawakurudi tena.

Jioni ile nyumbani mdogo wangu hakugusa chakula. “Kaka,” alisema, “kuna watu naita mimi kwa kazi. Kuvunja ghala. Wanasema mulinzi iko muzee tu.” Waliomwita ni wale vijana wawili wa pikipiki. Hakwenda. Wao walikwenda. Mlinzi alipigwa kichwani. Yuko kijijini kwao Lobule, analishwa kwa kijiko, na hawezi kutamka neno. Polisi wanauliza, na hakuna anayejibu.

Leo tulipokuwa tunatoka makaburini, mmoja wa vijana wale aliweka mkono begani mwa mdogo wangu, kama anayempa pole. “Mutu nakaa kimya, naishi murefu,” alimwambia, akatabasamu, akawasha pikipiki. Mdogo wangu alitembea nami hadi barabarani. Ndipo akasimama. “Kaka, mimi nataka kwenda polisi.” Nilifungua mdomo kumkataza. Maneno yalikuwa tayari: kwamba wakimuua sina wazazi wa kunisaidia kumzika, kwamba kazi yangu ni kuwalinda wadogo zangu, yaliyobaki si yangu. Nikayatambua, nikayaacha. Yalikuwa maneno ya yule stelingi, karibu neno kwa neno, nami niliyapenda nilipoyasikia kibandani.

Sasa naelewa alichotuachia marehemu. Anayesimulia ndiye anayechagua tumhurumie nani, na sisi tunaopenda watu wetu ndio wepesi zaidi kusahau watu wa wengine. Yeye alilijua hilo, akakubali kubaki na mabenchi matupu. Tumekubaliana kwenda polisi kesho asubuhi. Nimefunga mlango kwa komeo, na kila pikipiki inayopunguza mwendo nje inaniinua nikalikague tena. Ninapoandika haya, mlinzi wa Lobule bado hajasemewa.