Nzuri, Ila

Miaka ile ya sabini nilichoka kabla ya kuzeeka. Tulikuwa wanawake watatu tukitengeneza filamu bila kampuni wala bosi. Wenzangu wawili walitoka Ulaya, mmoja wa kamera, mwingine wa maswali. Mimi, binti wa Bagamoyo, nilitafsiri na kubeba kinasa sauti begani mpaka bega likafa ganzi. Walitaka kuonyesha jinsi mashine za ng'ambo zinavyowafikia wanawake wa kwetu, nami nikawapeleka Kerege kwa shangazi yangu, mbangua korosho.

Mashine ya kubangulia ilikuwa mpya, lakini mafuta ya maganda yalizidi kumchoma vidole. Shangazi alitaka jambo moja tu: wakubwa waione mikono yake, wanawake wapewe glavu. Alivaa kanga mpya kwa ajili hiyo.

Tulibakiwa na mkanda mmoja wa kamera, wa dakika tatu. Kamera ikaanza kunguruma, nami, kwa adabu zangu za kijinga, nikamwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima, alhamdulillahi."

Tukawapitia na majirani, mmoja mmoja.

"Na hiyo mashine, je?"

"Nzuri." Akavuta pumzi. "Ila..."

Kwetu hakuna anayeanza na shida. Hata mfiwa hujibu nzuri kwanza, ndipo ila ifuate. Nalijua hilo tangu utoto, na bado sikumwambia mwenye kamera asubiri. Mkanda ukaisha palepale, nami kwa mazoea nikazima kinasa sauti. Shangazi aliendelea kueleza, akigeuzageuza viganja vyake vilivyoungua. Ningeweza kukiwasha tena. Nilikuwa hoi, nikawa naitikia kwa kichwa tu.

Mwaka uliofuata tuliionyesha filamu kwenye ofisi ya kijiji, madirisha tumeyaziba kwa kanga. Shangazi alikaa mbele kabisa. Akajiona akitabasamu na kusema mashine nzuri, kisha ikaja picha nyingine. Watu wakapiga makofi, na msimamizi wa mashine akawashinda wote.

"Mwanangu," shangazi akaninong'oneza, "kumbe nilisema nzuri tu?"

Aibu ile sijaitua hadi leo. Glavu hazikuja. Kwa miaka mingi kila nilipomwamkia nilimuuliza habari za mikono.

"Nzuri," alinijibu.

Nikawa nasubiri ila. Hakuisema tena.