Gunia la Chakula cha Kuku

Harufu ya pumba zilizolowa naikimbia hadi leo. Nikipita sokoni Korogwe baada ya mvua, nikifika penye maduka ya chakula cha mifugo, huvuka barabara. Binti yangu hunicheka, nami humwacha acheke.

Kwetu, nje kidogo ya Misima, Mama alifuga kuku wengi, na chakula chao alikitunza kuliko hata chetu. Chenga za mahindi, mtama na pumba alivianika mpaka punje ivunjike kwa mlio chini ya jino. Ndipo alipovitia kwenye vilindo, vile vyombo vya magome ya miti, akavifunika na kuvipandisha uchanjani juu ya jiko. Moshi wa kila siku uliwafukuza fukusi, na panya hawakuwa na pa kupandia. Baba alikuwa akitania kwamba kuku wetu wanakula chakula kinachonuka moshi kama yeye na kiko chake.

Kisha serikali ikatuhamishia kwenye vijiji vya pamoja. Baba alitangulia kujenga kwenye kijiji kipya, upande wa Kang'ata. Sisi lori lilitufuata asubuhi ya mvua.

"Vyombo vikubwa viacheni, mama," alisema kijana aliyesimamia upakiaji. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu.

Mama alimimina vilindo vyote kwenye gunia moja, akalikalia njia nzima. Lakini maji yalikuwa yakitembea kwenye sakafu ya lori, chini yake.

Nyumba mpya ilikuwa fito na nusu ya paa. Hapakuwa na uchanja. Gunia lilikaa juu ya udongo mbichi, na jua lilipotoka Mama alikuwa kwenye shamba la kijiji pamoja na wenzake, asipate nafasi ya kuanika. Baadaye mvua ikakatika kabla ya wakati, mahindi yakakauka machanga, na njaa ikaingia.

Kuku ndio walioanza. Walisinzia mchana, mabawa yamelegea, wakafa mmoja baada ya mwingine. Mama akalifungua gunia mpaka chini. Punje zilikuwa zimeshikana mabonge, zimeota ukungu wa kijani. Alichukua jembe akachimba shimo nyuma ya nyumba.

Tulipokuwa tukimimina, alifika jirani yetu, Mama Zuhura, mjane aliyetoka kwenye mashamba ya mkonge na watoto wawili. Zuhura alikuwa rafiki yangu, tukicheza rede pamoja kila jioni.

"Mama Rajabu, unafukia mahindi?" alimwuliza Mama, akimwita kwa jina la kaka yangu.

"Ni ya kuku, mwenzangu. Na kuku wenyewe yamewaua."

"Yakioshwa je?"

"Haya hayaoshiki. Niamini."

Mama aliingia ndani, akatoka na nusu ya unga uliobaki, akamkabidhi. Usiku ule tulikunywa uji mwepesi kama maji.

Siku chache baadaye nilikuta shimo limefukuliwa, nikamwita Mama. Alilitazama, akaenda moja kwa moja kwa jirani, mimi nyuma yake. Chungu kilikuwa kitupu.

"Mmeyala?"

"Kuku ni kuku, Mama Rajabu," alijibu Mama Zuhura bila kuinua macho. "Sisi ni watu."

Zuhura aliugua kwanza. Tumbo lilivimba, macho yakawa ya njano. Akafa, na mdogo wake akamfuata. Watu walipouliza watoto walikuwa wamekula nini, mama yao alijibu: unga wa Mama Rajabu.

Tangu hapo, tukifika kisimani wanawake walijitwika ndoo zao wakaondoka. Neno mchawi nililisikia mara ya kwanza likisemwa juu ya mama yangu. Nililia, nikamwambia aseme habari za lile shimo.

"Nikisema, Mama Zuhura atabaki na nini?" alinijibu, akaendelea kufagia.

Nilikasirika sana. Niliona ni woga. Miaka ikapita, Mama Zuhura akahama, na jina la mchawi likabaki kwetu.

Nilipokuwa mtu mzima nilimzika mtoto wangu wa kwanza, aliyekufa kwa homa na kuharisha. Nilikaa matangani nikikumbuka kila kijiko nilichomlisha, kila kikombe cha maji, nikitafuta ni kipi kilichomuua. Sikumwambia mtu. Mama alikuwa ameketi karibu nami kwenye mkeka, amezeeka. Alinishika mkono akasema taratibu, "Si wewe."

Hakuwa na njia ya kujua kama ni mimi au si mimi. Wala sikumuuliza. Nililikamata neno lile kwa mikono yote miwili, na hapo ndipo nilipoelewa kile Mama alichompa Mama Zuhura miaka ile yote aliyokaa kimya.