Maswali kwa Mama Mkwe

"Ingia usogeze gari," mwenye jengo aliniambia, nami nikamjibu kwamba siwezi.

Gari lilikuwa letu na funguo zilikuwa mkononi mwangu. Lakini kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameketi mama mkwe wangu, peke yake, jicho moja limefunikwa bandeji, na mke wangu alikuwa ameingia kwenye duka la dawa mle ndani ya jengo kumnunulia matone. Mtu wa kwetu hahitaji zaidi ya hapo. Mwanamume hakai mahali pamoja na mama wa mkewe wakiwa wawili tu. Hampi mkono, hamkazii macho, hali naye meza moja. Asubuhi ile tulipomtoa kijijini kwake Chekalini kumleta kliniki ya macho mjini Kakamega, niliendesha mimi, mke wangu akaketi nyuma kando ya mamake, akawa pazia kati yetu. Kioo cha juu nilikuwa nimekigeuza kikatazama dari ya gari. Mke wangu aliposhuka, pazia likaondoka, nami nikashuka.

Wenzangu tunaosomeana miswada hunicheka kwa jambo hili. Wananiambia kwamba nimeandika kurasa nyingi nikizibomoa desturi za wazee, na ni kweli nimezibomoa. Hii nimeiacha isimame. Naona ndani yake upole fulani: watu wawili wanaompenda mtu mmoja wanaachiana nafasi ya kupumua.

Mwenye jengo hakuona upole wowote. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe, asiyemwamini mlinzi yeyote, kwa hiyo alikaa mwenyewe langoni kwa kiti cha plastiki akipanga magari. Mimi nilikuwa nimesimamisha letu ndani ya uwanja wake, kando ya ukuta. Alipataka pale kwa sababu gari lake lilikuwa linaoshwa, na likishaoshwa lingehitaji kivuli.

"Huwezi namna gani? Umekatwa mikono?"

"Mama mkwe yuko ndani, mzee. Bibi yangu anakuja sasa hivi."

Akainama, akachungulia dirishani, akapiga kicheko. "Mama, habari! Huyu mkwe wako anakuogopanga hivi kila siku?"

Mama alivuta leso akafunika uso.

"Mzee, usimwongeleshe hivyo."

"Hapa ni kwangu! Naongelesha nani nataka. Hii ni parking ya wateja, si ya kufanyia mila."

"Bibi yangu ni mteja. Yuko duka la dawa."

"Basi yeye ndiye mteja. Wewe ni nini? Mti?"

Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa, si kwa aibu, ila kwa sababu hayakuwa mazuri hata kama matusi. Yeye akayarudisha yakiwa yamenona. Kisha akaenda langoni, akalivuta lile lango la mabati mpaka likagonga nguzo, akatia kufuli. "Hutoki," akasema. "Utaondoka hapa umejua mimi ni nani."

Akapaza sauti kuelekea hotelini, kwenye jengo lilelile, na polisi wa trafiki aliyekuwa akinywa chai mle ndani akatokea kwa mlango wa nyuma, akijipangusa mdomo. Waliitana kama watu wanaoazimana shati.

"Gari ni la nani?"

"Langu, afande."

"Leseni."

Nikampa. Akaweka karatasi zake juu ya boneti, akaandika kwamba nimezuia barabara. Nikaisoma mara mbili.

"Afande, barabara iko nje. Hapa ni uwanja wa mtu, na lango limefungwa."

"Wewe ni wakili?"

"Mwandishi."

"Basi andika hiyo." Akanikabidhi karatasi. "Ukikubali kosa, unalipa faini kwa simu, mambo yameisha. Ukikataa, korti haiko mbali, hata kwa miguu utafika."

Mke wangu aliporudi na matone, lango lilikuwa limeshafunguliwa. Alinikuta nimeshika karatasi, mamake amejifunika, na mwenye jengo akimpungia mkono kwa adabu kubwa: "Karibu tena, madam."

Jioni, mama alipokwisha kulala kwa shemeji yangu, maana kwetu hawezi kulala, mke wangu alinyoosha ile karatasi mezani kwa kiganja.

"Lipa."

"Kulipa ni kusema nilifanya."

"Ni kusema umechoka. Watu wanalipanga kila siku."

"Sikuzuia barabara. Mamako amechekwa, halafu mimi niandikwe mkosaji? Nikubali kwa mkono wangu mwenyewe?"

Mke wangu ana njia ya kuuliza swali kama mtu anayeweka sufuria ya moto: polepole, bila kelele, na unajua itakuchoma. "Nani alimwona akifunga hilo lango?"

Waosha magari walikuwa vijana wake. Watu wa bodaboda walikuja baadaye, wakivutwa na kelele. Aliyeona yote, tangu mwanzo, alikuwa mmoja, naye alikuwa kwenye kiti cha nyuma.

"Sitamwita," nikasema.

"Basi utashindwa."

"Nitashindwa nikikataa."

Siku ya kusomewa mashtaka tulikaa kwenye benchi refu, madereva, wenye pikipiki, na mwanamke mmoja aliyebeba abiria wa ziada kwenye gari lake la probox. Mmoja baada ya mwingine alisomewa kosa, akaulizwa, akajibu, "Ni kweli." Ni kweli. Ni kweli. Walivyolitamka ungedhani ni amina ya ibada inayoharakishwa kabla ya mvua. Wengine nilijua si kweli. Mmoja alikuwa ameninong'oneza kisa chake pale benchini. Lakini ukisema ni kweli unalipa na kwenda zako, na ukikana unapewa tarehe, na tarehe huzaa tarehe.

Zamu yangu ilipofika nikasema, "Si kweli."

Hakimu aliinua kichwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa kutoka Pwani kwa jinsi Kiswahili chake kilivyotiririka. "Unakana?"

"Nakana, Mheshimiwa."

"Una wakili?"

"Sina."

"Basi utajitetea mwenyewe. Mashahidi wako utawauliza wewe."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilijua kwamba kumwita mama mkwe ni kumtoa hadharani kwa ajili yangu. Sikujua kwamba sheria ingetaka nisimame mbele yake, nimwangalie, nimuulize, naye anijibu. Tulikuwa tumepitisha miaka yote ya ndoa yangu bila kusemezana hata salamu isiyopitia kwa mtu mwingine. Kama ni kusubiri tusemezane, basi iwe kwa jambo la mazishi au la mtoto, wala si kwa ajili ya mtu mnene na kufuli lake.

Kabla ya siku ya kusikizwa kesi, mke wangu alikata simu na kuja kusimama mlangoni mwa chumba ninachoandikia.

"Mama anasema atakuja."

"Mwambie asije."

"Mwambie mwenyewe," akasema, akijua vizuri kwamba siwezi, na akaondoka akicheka.

Akaja. Alivaa sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, bandeji haipo tena. Aliketi mbali nami kadiri benchi zilivyoruhusu.

Polisi alitoa ushahidi wa kwanza. Alisema lango lilikuwa wazi na nyuma ya gari langu ilikuwa barabarani, lori la miwa likashindwa kupita. Hilo lori nililisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mwenye jengo alilirudia lori hilohilo, akaliongezea tela. Nilipomuuliza kuhusu kufuli, alimtazama hakimu kwa huzuni: "Mheshimiwa, mimi ni mfanyabiashara. Mfanyabiashara anafunganga lango mchana?"

Kisha mama akapanda, akashika Biblia, akaapa kwa sauti iliyokuwa thabiti kuliko yangu. Karani akanigeukia. "Mshtakiwa, muulize shahidi wako."

Niligeuka. Niligeuka kabisa, nikampa mgongo, nikautazama ukuta ulio kando ya dirisha, ambapo rangi ilikuwa imebanduka kwa unyevu.

"Mshtakiwa," hakimu akasema, "mbona unasimama hivyo? Mtazame shahidi wako."

"Sitamtazama, Mheshimiwa."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Unakataa amri ya mahakama?"

"Nakataa kumtazama mama mkwe wangu. Ndiyo sababu niko hapa. Siku ile niliambiwa niingie garini alimokuwa peke yake, nikakataa. Nikimkazia macho leo ili nishinde kesi, basi yule mzee alikuwa na haki ya kucheka."

Nilisikia karani akiinuka na kumnong'oneza hakimu jambo. Nilisikia benchi zikilia watu wakijisogeza waone vizuri. Shingo yangu haikugeuka.

"Mahakama haina haja na macho yako," hakimu akasema mwishowe. "Ina haja na maswali. Uliza."

Nikauuliza ukuta. "Shahidi aeleze mahakama alikuwa wapi."

"Mheshimiwa," mama akasema, "nilikuwa ndani ya gari, nyuma."

"Aeleze lango lilikuwaje."

"Mheshimiwa, huyo mzee alilivuta akalifunga na kufuli. Mimi nilianza kuomba. Nikadhani tunafungiwa tulale huko."

"Lilifungwa kabla ya afande kuja, au baada?"

"Mheshimiwa, kabla. Afande alitokea ndani, kwa mlango wa hoteli. Hakufika hata nyuma ya gari. Aliandika hapo mbele, halafu akarudi kumaliza chai."

Kiongozi wa mashtaka akasimama. "Mama, siku hiyo ulitoka kliniki ya macho, jicho limefungwa?"

"Moja."

"Na uso ulikuwa umejifunika leso. Sasa uliona lango na nini?"

"Kijana, leso haina ukuta. Na lile jicho lingine Mungu aliniachia la kazi gani?"

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Kiongozi wa mashtaka akabadili njia. "Unampenda mkwe wako, si ndiyo? Ungependa ashinde."

"Kama nampenda sijui," mama akasema. "Hatujawahi kuongea."

Safari hii hata karani alificha uso.

Hakimu alitupilia mbali shtaka siku hiyohiyo. Alisema gari lililofungiwa ndani ya uwanja wa mtu halizuii barabara ya yeyote, akawaonya yule polisi na rafiki yake mwenye jengo kwa maneno mafupi ambayo niliyanywa kama uji wa moto.

Nje, mwenye jengo alinipita karibu na ngazi. "Umejificha nyuma ya mwanamke," akasema.

"Nyuma yake kabisa," nikamjibu. "Na huko ndiko nitaendelea kutembea."

Na ndivyo nilivyotembea, mke wangu na mamake wakiwa mbele yangu. Mke wangu alikuwa na wasiwasi. "Mama, Chekalini watasema. Umeongea na mkwe wako, tena mbele ya serikali. Watataka tuitwe, tukae na wazee."

Mama hakupunguza mwendo wala hakugeuka, lakini aliinua sauti kidogo, kiasi cha kumfikia mtu aliye nyuma.

"Nani ameongea naye? Mimi nimemjibu hakimu."