Kifuniko cha Fundi Seifu

Kila fundi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, alikuwa na sifa yake. Mmoja alisifiwa kwa kunyoosha bodi, mwingine kwa breki, mwingine kwa maneno matamu yaliyomfanya mteja asahau kwamba gari lake halijapona. Seifu alisifiwa kwa masikio. Ukimletea gari, hakufungua boneti. Alikuambia uliwashe, kisha akasimama pembeni na mikono nyuma, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza habari kwenye redio ya jirani.

Baada ya hapo yalikuja maswali. Ugonjwa ulianza lini? Asubuhi au mchana? Ulikuwa unatoka wapi, na nani alikaa nyuma? Fundi wa Uvira au wa Kigoma angekuwa ameshashika spana na kufungua nusu ya injini. Seifu bado anauliza. Wateja wenye haraka walimkimbia. Mkewe, Assia, alisema hata chai akipewa huuliza sukari imetoka duka gani.

Mwaka huo, 1997, nchi jirani zilikuwa zimeifungia Burundi mipaka, na petroli, au esansi kama wenyeji walivyoiita, ilikuwa kitu cha kunong'onezwa. Ilikuja kwa magendo ndani ya bidoni, yaani madumu, ikauzwa nyuma ya nyumba kwa chupa za bia. Mwenye gari alilala sikio moja wazi, maana wezi walipita na mpira mwembamba, wakiingiza mdomo mmoja kwenye tanki na mwingine kwenye bidoni yao. Wajanja hawakuhitaji hata tochi. Walifuata harufu tu.

Seifu aliufikiria ujanja huo wa pua mpaka akapata dawa. Alitengeneza kifuniko cha chuma chenye kufuli dogo, na chini yake akaweka pete nene za mpira wa ndani wa tairi la lori, zilizobanwa pamoja mpaka hata harufu haikupenya. Watu walikuja kutoka Bwiza na Nyakabiga kukitaka. Walikiita kifuniko cha Seifu, naye hakuwakataza.

Moja ya magari yaliyokivaa ni Pejo 504 ya Dative, karani wa posta. Gari hilo lilikuwa la marehemu mumewe, lilibeba maharusi wa ukoo mzima, na sasa rangi yake ya maziwa ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Siku moja Dative aliliingiza gerejini, akazima injini, na akabaki ameshika usukani.

"Fundi, inakufa njiani," alisema.

"Inakufa namna gani, Madamu?"

"Kama mutu anasinzia kanisani. Inakohoa, inavuta, inavuta, halafu kimya. Tunangoja kidogo, inawaka tena kama haikufanya kintu."

"Tangu lini?"

"Karibu na Pasaka."

"Hapa mujini pia?"

"Apana. Mujini inakaa na adabu. Ni njia ndefu ndio haipendi."

Shida ilikuwa kwamba Dative alikuwa na njia ndefu mbele yake. Mama yake alikuwa Kayanza, nyonga imevunjika na kuunga vibaya, na huko hapakuwa na dawa wala mtu wa kumgeuza kitandani. Kwenye lori la abiria asingeweza kukaa. Angeweza tu kushuka Bujumbura akiwa amelala kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo, na gari dogo lililokuwepo ni hili. Siku hizo za vita hakuna aliyepanda milima ya kwenda Kayanza peke yake. Magari yalikwenda kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma, na msafara haukumngoja mtu. Gari likizima, lilisukumwa kando, watu wakabanwa ndani ya magari mengine, na lenyewe likaachwa msituni. Mama wa nyonga mbovu ungembana wapi?

"Jumamosi kuna convoi," Dative alisema. "Ukiniambia apana, sitaenda, nitatafuta lingine la kufanya. Lakini ukiniambia ndiyo, Seifu, iwe ndiyo ya kweli."

Seifu alimwambia aliwashe. Aliinamisha kichwa, akaanza kusikiliza.

Alisugua plagi kwa msasa. Akapima nafasi ya platini kwa kipande cha pakiti ya sigara, kama alivyofundishwa. Akafungua kabureta, na humo akakuta tone la maji na mchanga mwekundu. Akafurahi, akamwita Dative aje aone. Jioni hiyo Pejo ilizima tena kwenye njia ya Carama. Akabadilisha koili. Ikazima. Kila mara ilikuwa vilevile: kukohoa, kuvuta, kimya, kisha mapumziko mafupi, na uhai.

"Ni joto," akaamua. "Pampu inapata moto, esansi inageuka mvuke. Ikipoa, inarudi."

Lilikuwa jibu zuri. Lilieleza kila kitu, ila jambo moja ambalo Seifu alikuwa akilitazama bila kuliona. Kila gari lilipozima, Dative alishuka wa kwanza, akafungua kufuli, akachovya tete ndani ya tanki kuona petroli imebaki kiasi gani, maana mshale wa kwenye dashibodi ulikuwa umekufa tangu zamani. Akafunga, akarudi kukaa. Mwaka ule kila mwenye gari alifanya hivyo. Ni nani anayemwangalia mtu akijikuna pua?

Siku mbili kabla ya msafara walikwenda kujaribu, kwa barabara ya tambarare ya upande wa Kajaga. Seifu aliendesha. Alikuwa ameifunga pampu kwa kitambaa kilichoroweshwa maji, naye akawa anaimba kwa sauti ya chini. Walipokikaribia kizuizi cha wanajeshi, Pejo ikakohoa.

"Yoo! Imeanza," Dative alisema.

Ikavuta, ikavuta, ikasimama hatua chache kutoka kwenye kamba iliyokatiza barabara. Dative akashika kitasa.

"Musitoke!" mwanajeshi aliwapigia kelele kwa Kirundi. "Kaeni ndani, mikono ionekane!"

Wakakaa, mikono juu ya dashibodi. Mwanajeshi alikuwa anakagua lori la ndagala, dagaa wa ziwani, gunia kwa gunia, bila haraka yoyote. Jua lilipiga juu ya bati. Dative alinong'ona rozari yake. Seifu alisikiliza injini ikipoa: tik, tik, kisha tik za mbalimbali, kisha hakuna. Mpaka lori linaruhusiwa, chuma cha injini ungeweza kukiwekea shavu.

"Haya, nyinyi, piteni!"

Seifu akageuza ufunguo. Injini ikazunguka bure. Akageuza tena. Bure.

Akaanza kucheka.

"Unacheka nini?" Dative akamgeukia. "Seifu, huyu ana bunduki, na we unacheka!"

"Imepoa, Madamu! Imepoa kabisa na haiwaki. Basi si joto. Wallahi, si joto!"

"Na mi nifanye nini na hiyo habari? Nimupelekee mama?"

Mwanajeshi, kijana mwenye macho ya usingizi, alikuwa amefika dirishani. Watu wanaocheka kizuizini hakuwapenda. Alilizunguka gari, akalitazama lile kufuli.

"Tanki lenye kufuli," alisema. "Munaficha esansi ya magendo? Fungua."

Seifu akashuka na ufunguo. Kifuniko kilikuwa kimekaza kuliko alivyokizoea, kama kimeshikwa kwa ndani. Alipokizungusha kwa nguvu, tanki likavuta pumzi: hhhhhaaa, ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka ziwani. Mwanajeshi akaruka nyuma na bunduki yake.

"Ni nini humo?"

Seifu alitega sikio. Alirudisha kifuniko, akakifungua tena. Kimya. Akakirudisha, akakifungua.

"Afande," alisema polepole, "niruhusu niwashe."

Injini ikakohoa kidogo, ikashika, ikanguruma kama siku ya harusi.

"Ee, sha!" mwanajeshi akasema. "Kumbe fundi ni mimi. Ilikuwa inaniogopa."

Hata Dative alicheka. Seifu pekee hakucheka sasa. Aliendesha mpaka chini ya kivuli cha kwanza, akasimama, akakiweka kile kifuniko mapajani.

"Madamu, mutoto wako alinyonya chupa?"

"Alinyonya. Kwa nini?"

"Akinyonya bila kuachia, chuchu inajikunja, maziwa yanakataa kuja. Akiachia, chupa inameza hewa, yanakuja tena. Pampu ndiye mutoto. Inavuta esansi, na ndani ya tanki hakuna hewa ya kukaa pahali pake. Kila ikizima, we unashuka na tete yako, unafungua, inapumua. Leo ulikatazwa kushuka."

Dative alikitazama kifuniko, kisha akamtazama yeye. "Hiki ulinivalisha lini?"

"Wiki ya Pasaka."

"Basi mwizi hapati, na gari haipati."

"Ndiyo hivyo," Seifu alisema, na masikio yake yakapata moto.

Gerejini alitoboa tundu katikati ya chuma na mpira, dogo kiasi cha kupitisha sindano ya kushonea magunia. Assia alipita, akanusa. "Harufu inatoka," alisema. Seifu alisema anajua. Kesho yake aliipeleka Pejo Kajaga na kurudi, tena na tena, tete likiwa limefungiwa nyumbani. Haikukohoa. Ndipo akamwambia Dative ndiyo.

Lakini usingizi haukumjia vizuri, kwa kuwa vifuniko vyake vilikuwa vimeenea mji mzima. Jumamosi asubuhi, magari yalipokuwa yakipangwa chini ya mlima, Seifu alikuwa hapo na drili ya mkono, akipita nyuma ya kila gari na kuangalia tanki.

"We Seifu," mfanyabiashara mmoja wa vitunguu alimzuia, "juzi ulikula kiapo kwamba hata harufu haipiti. Leo unakuja kutoboa?"

"Funga mudomo na pua, halafu panda mulima wa Bugarama kwa miguu," Seifu alisema. "Ukifika, nitakuachia kifuniko chako."

Wenye magari waliosikia wakacheka, na mfanyabiashara akatoa ufunguo. Filimbi zilipolia, Seifu alikuwa bado amepiga magoti nyuma ya gari la mwisho. Pejo ilimpita na Dative akapiga honi.

Jumapili nzima alikaa kwenye kigoda mlangoni, akigeuza kichwa kwa kila injini. Aliisikia Pejo kabla haijakata kona. Kwenye kiti cha nyuma, juu ya mito na kanga, alilala bibi mwembamba aliyefunga kitambaa kichwani. Alimtazama Seifu kwa ukali, akamwambia binti yake jambo kwa Kirundi.

"Anauliza kama ni we fundi," Dative alitafsiri. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na kitu kingine. "Anasema gari inanuka esansi njia nzima, kichwa kinamuuma."

"Mwambie ni hiyo harufu imemushusha," Seifu alisema. Kisha akainama dirishani, asiweze kujizuia. "Na umuulize: pale kwenye mulima mukali, ilikuwa inalia namna gani?"

Bibi alifikiri. Akafumba macho, akajaza mashavu hewa, na akaanza kunguruma.